Kwato za Sheshe Si Hati ya Shamba

Mwezi Agosti, vumbi la Ifakara likiwa limeshatanda mpaka kwenye majani ya miembe, nilipanda bodaboda kumfuata dalali aliyekuwa anawapeleka watu watatu kuangalia shamba huko nje ya Michenga. Wawili walitoka Morogoro mjini, wa tatu Dar es Salaam. Mimi nilikwenda kwa sababu mmoja wao ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, naye alitaka mtu wa nyumbani awepo pesa zitakapohesabiwa. Barabara ikageuka njia ya ng'ombe, njia ya ng'ombe ikapotelea kwenye matete, mwisho tukatokea mahali peupe: mbuga ya majani mafupi ya kijani, upande mmoja maji yanametameta, upande mwingine miti ya miombo. Dalali akainama, akaokota punje za mavi ya mnyama, akazivunja kwa kidole gumba, akasema, "Kaka, haya ya jana. Hapa hununui shamba peke yake. Unanunua shamba na kitoweo juu."

Wageni walifurahi kama watu walioonyeshwa bahati yao. Mmoja ana bunduki yenye leseni, na njia nzima alikuwa akisimulia video za kwenye simu: Mmarekani amenunua ekari zake mia mbili, amejenga jukwaa juu ya mti, amekaa na chupa yake ya kahawa akingoja kulungu wapite chini. "Na sisi tunashindwa nini?" akauliza. "Pori tunalo, wanyama tunao, hela tunatafuta."

Swali hilo sasa nalisikia kwenye vijiwe vya kahawa Kibaoni, kwenye mabasi ya kwenda Mlimba, na hata misibani. Nyuma yake imejificha imani iliyoenea bonde zima la Kilombero, na wanaoishika ni maskini na matajiri kwa pamoja. Mkulima asiye na kitu anaiamini kwa lugha ya njaa: tafuta shamba la pembeni mwa pori, watoto hawatakosa mboga. Mstaafu anaiamini kwa lugha ya akiba. Mwenye bunduki anaiamini kwa lugha ya starehe. Wote wanasema jambo moja, kwamba ardhi yenye wanyama ni ardhi bora, na anayeilipia amelipia na wanyama waliomo.

Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo. Inawafilisi ndugu zetu, inawapeleka wengine gerezani, na inamaliza sheshe, mnyama ambaye bonde hili lilikuwa naye kuliko mahali pengine popote duniani. Tena nasema jambo ambalo wawindaji wenzangu hawapendi kulisikia: ile elimu yetu ya kusoma pori ni ya kweli, lakini mnunuzi wa ardhi anapaswa kuisoma kinyume. Kila alama inayomwita mwindaji inamwambia mnunuzi aondoke.

Elimu hiyo niliipata kwa babu mzaa mama, Mndamba, aliyewinda kwa gobore enzi za ujana wake na kuvua kambare uzeeni. Alikuwa akinichukua kandokando ya mbuga alfajiri, ananisimamisha, ananiuliza, "Mjukuu wangu, nani kalala hapa?" Nisipojua tunakaa mpaka nijue. Alinifundisha kutafuta kwanza maji yasiyokauka mpaka Oktoba. Halafu majani machanga yaliyochipua baada ya moto. Halafu ule ukanda mwembamba ambapo mbuga inakutana na miti, kwa sababu mnyama hapendi kukaa mbali na chakula wala mbali na maficho. Halafu njia, zile njia nyembamba ngumu zilizokanyagwa na kwato miaka na miaka, ambazo ukizifuata zinakupeleka kwenye kivuko cha mto. Na mwisho upepo, ambao hauonekani na ndio unaoamua kila kitu.

Tuanze na maji. Mahali penye maji na majani mabichi mwezi Agosti, wakati kwingine kote kumekauka, ni mahali pa chini. Na mahali pa chini Kilombero mwezi Machi na Aprili huwa ni mto. Mnyera, Ruhudji, Mpanga, Kihansi, Ruipa na Lumemo yote inamwaga kwenye bakuli moja lenye urefu wa takriban kilomita 260 na upana unaofika kilomita 52 penye upana zaidi. Mto Kilombero pekee huupa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Bonde haliwezi kubeba maji mengi hivyo bila kuyatandaza, na linayatandaza hapohapo dalali alipookota mavi ya sheshe. Sisi wa Ifakara tuliona mwaka 2024 Lumemo ulivyoingia majumbani mwa watu. Kama mto ule mdogo unaingia mjini, mtu aliyepanda kigingi mbugani mwezi Agosti amenunua sakafu ya ziwa. Na hata pale maji yanapompa nafasi, sheria inamnyima: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Dalali hapimi mita hizo. Yeye anauza mpaka ndani ya maji.

Majani machanga baada ya moto yanasema kitu kingine. Mbuga haijiwashi yenyewe. Kuna mtu aliyeichoma, na aliyeichoma anategemea kurudi. Anaweza kuwa mfugaji anayeandaa malisho, anaweza kuwa mvuvi anayefungua njia ya kwenda kambini, anaweza kuwa askari wa wanyamapori aliyechoma mapema ili moto mkubwa usije baadaye. Mnunuzi anaona uwanja mtupu. Anayejua kusoma anaona kwamba ardhi hii inatumika, ina ratiba yake, na watu wake hawakuwepo siku ya mauziano. Neno "pori tupu" limeleta ugomvi mwingi bondeni kuliko pombe. Sijawahi kuona pori tupu Kilombero. Nimeona pori ambalo mwenyewe hakuulizwa.

Njia za kwato ndizo zinazoniuma zaidi, kwa kuwa dalali huzitumia kama tangazo. "Angalia barabara zao hizi," alituambia siku ile, "wanapita kila siku." Kweli wanapita. Njia ya wanyama iliyochongeka kiasi hicho ni kipande cha ushoroba, na ushoroba ukiuziba hauna njia nyingine. Tembo wa bonde hili wameshuka na kupanda kati ya milima ya Udzungwa na mapori ya Selous tangu kabla ya mtu yeyote kuandika jina la Ifakara, wakipitia Magombera, Nyanganje na Ruipa. Leo miwa, mpunga na nyumba vimeziba sehemu kubwa ya njia hizo, na zilizobaki Serikali inazitafuta kwa tochi. Tangu 2018 zipo kanuni zinazomwezesha waziri kutangaza shoroba na kuzuia matumizi yanayozivunja. Anayenunua juu ya njia ananunua kesi inayokuja. Kabla ya kesi anapata tembo. Mpunga ukianza kutoa mashuke, tembo hawaendi kwa jirani kwa kuwa wewe ulilipia. Watakula kwako usiku mmoja kile ulichokilimia miezi mitano, na wewe uko juu ya dungu unapiga debe mpaka mikono inakufa ganzi.

Hapo ndipo watu hukumbuka kifuta jasho. Ndugu zangu, jina lenyewe linasema. Sheria haikuita fidia, iliita kifuta jasho, na akifa mtu ni kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka ukomo wa ekari 5, hata uwe umeliwa 30, na kiwango kikapanda kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi. Aliye karibu kabisa na mpaka hupata kidogo au hapati kitu, kwa hoja kwamba alilima mlangoni mwa mnyama. Yaani lile shamba la pembeni mwa pori, lile linalosifiwa kuwa na kitoweo juu, ndilo ambalo sheria inalihesabu kuwa na haki ndogo kuliko yote likiliwa.

Ukiacha upepo, ambao haununuliki, umebaki ule ukanda mwembamba kati ya mbuga na miombo. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sheshe anapofia. Wasiomjua sheshe wamwazie swala wa rangi ya dhahabu iliyoiva, mnene wa kifua, dume lina pembe zilizopinda kwa mbele. Hapendi msitu mnene wala hapendi maji ya kina. Anataka majani mafupi karibu na maji. Kiangazi huyafuata maji yanaporudi nyuma kuelekea mtoni. Masika maji yanamsukuma kurudi ukingoni, mpaka anajikuta katika kamba ile nyembamba ya ardhi kavu chini ya miti. Anaishi kwa kwenda na kurudi. Bonde hili lilipoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, karibu hekta 797,000, moja ya sababu zilizoandikwa ilikuwa huyu: takriban robo tatu ya sheshe wote wa dunia walikuwa hapa. Waliobaki wengi wao wako Zambia. Tangu wakati ule wetu wamepungua sana, na kila mtu wa umri wangu aliyevuka mbuga kwa mtumbwi anajua hilo bila kuambiwa na mtaalamu.

Sasa mnunuzi anataka kipande gani? Anataka kilekile. Hakifuriki haraka, kina rutuba iliyoletwa na maji, kina kivuli cha kujengea kibanda. Mtu mmoja akinunua ekari kumi pale, sheshe anazunguka. Wakinunua mia moja, maji yanapopanda mnyama anakuta nyuma yake mto, mbele yake mpunga, mbwa na waya. Hapo haihitajiki bunduki. Watu wanafikiri sheshe amemalizwa na majangili wa usiku, na majangili wapo, siwatetei. Lakini kalamu iliyoandika karatasi za mauziano za ukingoni imeua sheshe wengi kwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi wanne na muhuri.

Nirudi kwa yule bwana mwenye bunduki na swali lake kuhusu Wamarekani. Hakusimuliwa yote. Kule Marekani kulungu wa mkia mweupe si mali ya mwenye shamba. Ni mali ya wananchi wa jimbo, chini ya usimamizi wa serikali ya jimbo, na mwenye ekari zake elfu naye anafuata masharti yake, anangoja msimu, anahesabiwa mnyama. Alichonunua ni haki ya kusimama pale na kuwazuia wengine wasisimame. Afrika Kusini ndiko walikokwenda mbali zaidi: sheria yao ya mwaka 1991 inamfanya mwenye ardhi iliyozungushwa uzio wa kutosha kuwa mmiliki wa wanyama waliomo, ndiyo maana kule mtu anauza swala kama sisi tunavyouza mbuzi. Nchi hizo zilichagua njia zake kwa historia yake, nyingine ya kunyang'anya wenyeji.

Tanzania ilichagua njia tofauti, na haijajificha. Sheria za Ardhi Namba 4 na Namba 5 za mwaka 1999 zinasema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini; wewe unapata haki ya kuitumia. Mgeni asiye raia hapati hata hiyo, isipokuwa kwa njia ya uwekezaji uliosajiliwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama wote ni mali ya umma, nao pia chini ya Rais kama mdhamini. Ni vitu viwili, vina sheria mbili, vina ofisi mbili. Hati yako inaweza kuwa safi kama theluji ya Kilimanjaro na bado pongo aliyelala chini ya mwembe wako si wako. Ukimuua bila kibali na ukakutwa na nyama, jina la kosa ni kukutwa na nyara za Serikali, na mahakama zetu zimewafunga watu miaka 20 na zaidi kwa nyama iliyojaa sufuria moja. Mnyama akikushambulia au akivamia mali, sheria inaruhusu kujitetea, lakini unawajibika kutoa taarifa na nyama inabaki ya Serikali. Wazee walimwita ofisa wa wanyamapori Bwana Nyama tangu ukoloni, na jina hilo lilikuwa na maana yake.

Anayetaka kuwinda kihalali njia anayo. Mtanzania mwenye silaha iliyosajiliwa anaomba leseni, anaandikiwa ni mnyama gani, wangapi, eneo lipi na kwa siku zipi. Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Hakuna mahali anapoulizwa ana ekari ngapi. Mwenye mtaji mkubwa anaomba kitalu kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, ambayo tangu 2019 imekuwa ikivinadi kwa njia ya mtandao. Anayetaka kufuga wanyamapori anaomba leseni ya ranchi au shamba la wanyamapori, anajenga uzio, ananunua mbegu, anakaguliwa. Na anayetamani tu ladha ya nyama ya porini, kanuni za mwaka 2020 zimeruhusu mabucha ya nyamapori. Katika njia zote hizo hakuna inayopitia kwa dalali aliyeinama mbugani.

Tena haki ya kuwinda inaweza kufungwa wakati wowote, na imewahi kufungwa. Nchi yetu ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Kenya waliupiga marufuku 1977 na mpaka leo haujarudi. Mtu aliyenunua ardhi kwa ajili ya kuwinda ameweka fedha zake kwenye mlango ambao ufunguo wake unakaa Dodoma.

Kilombero yenyewe imetupa funzo lililo wazi kuliko hayo yote. Pori Tengefu la Kilombero lilianzishwa mwaka 1952. Kwa miaka mingi neno "tengefu" lilihusu kuwinda tu. Watu walilima ndani yake, walichunga, walizikana, na sheria ya wanyamapori ya 1974 haikuwagusa. Ndipo mashamba yakauzwa na kuuzwa tena, baba kwa mwana, mwana kwa mgeni. Sheria ya 2009 ilipokuja ikakataza kilimo na malisho ndani ya mapori tengefu. Mwishoni mwa 2012 operesheni ya kuondoa mifugo ikalipitia bonde, na waliokuwepo hawataisahau. Vikaja vigingi, vikang'olewa, vikarudi. Mwaka 2019 ikaja kamati ya mawaziri wanane kusikiliza migogoro ya vijiji na hifadhi nchi nzima. Na mwaka 2023 Kilombero likatangazwa kuwa Pori la Akiba, daraja ambalo ndani yake huingii bila kibali, sembuse kulima. Katika miaka hiyo yote karatasi za mauziano za kienyeji ziliendelea kuandikwa. Mali bila daftari huisha bila habari, lakini hawa walikuwa na daftari. Liliandikwa juu ya ardhi isiyouzika.

Najua nitajibiwa nini, na jibu lenyewe ni zito. Wazee wa Kindamba wataniambia: mwanetu, sisi tuliwinda hapa kabla ya Wajerumani, ni nani aliyempa Serikali wanyama wetu? Ni swali la haki. Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alipotoa amri ya uwindaji mwaka 1896 na kutenga eneo la Rufiji kuwa hifadhi, hakumuuliza mtu wa Ulanga. Mwingereza aliyerithi hakuuliza. Na sisi wenyewe baada ya Uhuru tulibadilisha bendera juu ya amri ileile, tukamwacha mwanakijiji akilinda mpunga usiku dhidi ya mnyama ambaye faida yake haioni. Jumuiya ya hifadhi ya ILUMA, iliyobeba majina ya Ifakara, Lupiro na Mang'ula, iliundwa ili vijiji vipate sehemu ya kile wanyama wanachoingiza, na ninaunga mkono kila mwanakijiji anayesimama kwenye mkutano kudai hesabu zake zisomwe hadharani. Mipaka iliyohamishwa juu ya watu waliokuwepo ni dhuluma, na Serikali inapaswa kuilipia.

Lakini dhuluma hiyo haiponi kwa yule bwana wa Dar es Salaam kununua ukingo wa mbuga. Kabla ya Wissmann, mwindaji wa tembo katika nchi nyingi za ukanda wetu alimpelekea mtemi jino lililogusa ardhi. Mwenye nchi alikuwa na sehemu yake, mwindaji sehemu yake, na nyama iligawanywa kijijini kwa utaratibu unaojulikana, kuanzia moyo mpaka mguu wa nyuma. Hapakuwa na mtu aliyesema mnyama ni wangu kwa sababu kakanyaga pangu. Kwa hiyo imani ya dalali haitokani na mila zetu wala haitokani na sheria zetu. Imetoka kwenye simu, na anayeileta akidai anarudisha haki ya mababu anawasingizia mababu.

Wapo pia wanaosema, basi tusinunue ardhi kabisa? Nunueni, ndugu zangu. Mimi mwenyewe nimenunua, Kilombero ina ardhi ya kumlisha mtu na wajukuu zake. Ila mpeni babu mgongo. Tafuteni mahali ambapo mwezi Agosti pamekauka na panachosha macho, ambapo hakuna kwato wala majani ya kuvutia. Rudini hapo Aprili kabla ya kulipa. Nasema Aprili, msikubali kuonyeshwa shamba la bondeni kiangazi peke yake. Angalieni alama ya maji kwenye mashina ya miti, matope yakikauka huacha mstari. Nendeni ofisi ya kijiji mkaombe kuona mpango wa matumizi bora ya ardhi, ile ramani inayosema hapa kilimo, hapa malisho, hapa hifadhi. Kijiji kisipokuwa nao, hilo nalo ni jibu. Wilaya zetu za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilibahatika kuwa za majaribio katika mpango wa urasimishaji wa ardhi ulioanza 2016, na watu wengi walipata hati za hakimiliki za kimila. Muulizeni muuzaji yake iko wapi, na kama hana, kwa nini jirani anayo na yeye hana. Ombeni mkutano wa kijiji, si mwenyekiti na watu wawili chini ya mti. Halafu waiteni TAWA na ofisa ardhi wasimame kwenye pembe za shamba kwa miguu yao, kwa sababu mpaka wa kwenye ramani na mpaka wa kwenye mdomo wa dalali imeachana mara nyingi. Dalali akikuambia kuita watu hao kutapandisha bei, mshukuru, panda bodaboda urudi.

Binamu yangu hakulipa siku ile. Tuligombana kidogo njiani, alidhani namwonea wivu. Wenzake wawili walilipa, ekari kumi na mbili, na karatasi ikagongwa muhuri jioni ileile.

Aprili iliyofuata nilikwenda na binamu kwa mtumbwi, mvuvi mmoja akitupigia pondo. Tuliingia kwa kufuata vichwa vya matete. Mvuvi akasema tumefika, akachoma pondo kuonyesha kina, likazama mpaka mkononi mwake. Chini yetu palikuwa pale dalali alipookotea yale mavi. Kulia kwetu, ukanda wa chini ya miti uliokuwa mkavu ulikuwa umeshalimwa wote, na sauti za debe zilisikika kutoka kwenye madungu. Kilichokuwa kimebaki juu ya maji ni kichuguu kimoja kisichozidi upana wa kitanda, na juu yake sheshe jike na mtoto wake, wamesimama wameelekea kwenye miti. Mvuvi akaacha kupiga pondo ili wasiogope wakaruka. Tukakaa hapo mpaka mkondo ulipotusogeza wenyewe.